Gramu Mia Nne

Mimi kazi yangu ni kupima.
Nimepima mchele wa Barani, mafuta ya taa ya Muyeye,
misumari, nyama, hata dhahabu ya bibi harusi
siku wakwe walipotiliana shaka.
Sijaulizwa kamwe mtu ana roho gani.
Naulizwa: kilo ngapi?

Basi ilipotoka amri ya mkate
(hamsini, isizidi hata senti, maskini naye ale)
nilipiga makofi na wenzangu pale ukumbini.
Bwana Thoya aliisoma mwenyewe, miwani mkononi,
akamtaja mama yake aliyewalaza na njaa
akichemsha maji matupu ili wasikie sufuria.
Hakuigiza. Nilikaa safu ya pili,
niliiona shingo yake ikimeza.

Wiki ya kwanza, tanuri la Shee Lali, Shela ya Malindi:
gramu mia nne. Foleni mpaka kwa kinyozi.
Wiki ya tano: mia tatu na sitini.
Wiki ya tisa: mia tatu na kumi, na ukiukata
unakuta mashimo makubwa ya hewa,
hewa ambayo haikuwekewa bei.
Nilimwandikia faini. Akaikunja mara nne,
akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba,
akanitandazia risiti: unga, kuni, hamira.
Hakusema neno.

Kufika Mfunguo Tatu, paka wamehamia tanurini.
Mlangoni, kwa chaki:

     Unga nauziwa ghali, mkate bei mwapanga;
     ndipo nauliza swali: hasara nani achanga?

Nikaipima, mazoea tu. Mizani kumi na sita kila mshororo.
Ndicho kitu pekee mwaka ule
kilichotoka kwa Shee bila kupunjwa.

Mkate upo, usiseme haupo.
Upo uchochoroni, ndani ya mfuko mweusi,
tisini, na usimtaje aliyekuuzia.
Jumwa Fondo, mfua mashuka ya wageni,
hununua nusu, akaigawa vipande vitano kwa uzi,
maana kisu, anasema, hupoteza chembe.
Nilimuuliza ameionaje amri.
“Ile ya hamsini? Naipenda.
Hamsini ninayo. Mkate ndio sina.”

Nikampelekea Bwana Thoya daftari.
Alisoma tarakimu, ukurasa baada ya ukurasa,
kidole kikifuata mstari kama mtoto wa chuoni.
“Lakini nia yetu,” akasema,
“wewe unaijua nia yetu.”

Naijua. Naapa naijua.
Nia njema ni tabibu, nimelelewa na neno hilo,
silipingi;
ila tabibu naye huulizwa
wangapi wameinuka kitandani,
na akijibu kwamba aliwapenda wote
tunanyamaza kidogo, kwa adabu,
kisha tunauliza tena.

Usiku ule nikaitoa mizani sandukuni,
nikaipangusa, nikangoja mshale utulie kwenye sifuri.
Nikaiweka nia ya Bwana Thoya sahanini,
yote, na mama yake, na sufuria ya maji.
Mshale haukutikisika.
Nikaongeza makofi yangu.
Vilevile.
Nikadondosha chembe ya mkate iliyonasa kwenye mkono wa shati:
ukasogea, au ni jicho langu,
ukasogea upana wa unywele.

Jumamosi tumeitwa tena ukumbini.
Safari hii ni maziwa.
Nasikia amelia alipokuwa akiiandika,
nami sioni sababu ya kutoamini.
Nitakaa safu yangu ya pili.
Mkono mmoja nitaushikisha kalamu,
wa pili, daftari.