Bomba Lishuke

Miaka ishirini na sita nimeunganisha maji Ngamiani,
barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja;
hakuna ua ambao sijauchimba,
hakuna jirani ambaye hajanitukana bomba likipasuka Idi mosi.
Basi Mwalimu Shemhilu aliponiita Pongwe,
kwenye ghala la mkonge lisilo na mkonge tena,
nilibeba spana zangu kwa madaha.
Petroli si inashuka tu?

Ndani, ndege. Haijamaliza kuvaa:
bawa moja limevishwa kitambaa, la pili mbavu tupu,
na tangi mbili za bati, moja kila bega.
Yeye, aliyenifundisha fizikia kidato cha pili
akaniandikia kumi na nane juu ya mia kwa kalamu nyekundu,
amestaafu, ana miwani mbili, moja kichwani, moja puani.
"Kaa, Kaniki. Leo tunarudia mtihani."

Bomba lishuke. Lishuke tu, toka tangi hadi kabureta.
Lisipande hata kimo cha kidole kuruka boriti,
maana penye kilima hicho mvuke utajikunyata
na petroli itasimama nyuma yake, kama foleni nyuma ya punda.
"Kwako hewa ikikwama, mtu anakosa kuoga.
Hapa anakosa uwanja."

Nikapinda alumini taratibu, springi ndani, isibonyee.
Nikaupanua mdomo wake uwe tarumbeta.
Midomo mitatu ilipasuka; ya nne akaipitishia ukucha, akanyamaza,
nikajua nimepita.
Lakini kwenye kiungo cha chujio mkono ulikumbuka kwao.
Ulichomoa mfukoni tepu nyeupe,
ukaizungusha mara saba
kama kwenye kila choo nilichowahi kufunga.
Sikumwambia. Sikuona kama ni jambo la kusemwa.

Tukaipandisha pua juu ya matofali, kama ndege inayopaa.
Lita nne tangini, jagi la maabara chini, saa kiganjani mwake.
"Nusu lita kila dakika. Isipungue."
Ilitoka uzi mnene. Ukakonda.
Tone.
Tone.

"Tangi halipumui," nikasema haraka, nikiomba liwe kosa la tangi.
Na kweli, kwenye kitundu cha hewa nyigu alikuwa amejenga,
chumba na sebule, udongo mwekundu.
Tukambomolea kwa waya wa baiskeli.
Nikacheka. Nilicheka sana.
Tukafungulia tena.
Tone.

Akafungua chujio mwenyewe.
Uzi mweupe, mwembamba kuliko ukucha wa kichanga,
umejikunja mlangoni.
Aliuinua kwa kibano, akautazama kwa miwani ya kwanza,
kisha kwa ya pili.
Heri angenitukana.

"Huo ni wangu," nikasema.
Sijawahi kumpa jibu fupi hivyo.

"Mtaani maji yakikatika," akasema, "watakuja na ndoo mlangoni kwako.
Atakayekuwa juu ya mto Zigi hatakuja."
Akanipa spana.

Tulifungua kila kiungo, hata visivyo na hatia.
Tukapaka povu la sabuni, tukapuliza, tukachungulia:
hakuna tundu lililotema.
Jua lilikuwa limekwisha toka kwenye bati tulipopima mara ya tano:
nusu lita, na kidogo juu yake.
Akaandika daftarini, kwa kalamu ileile nyekundu au dada yake,
na pembeni ya tarakimu akaubana ule uzi kwa pini.
Maksi hakuniambia.
Aliniambia nije Jumamosi, bawa la kushoto bado.

Tepu imo mfukoni.
Kesho nina choo barabara ya kumi na mbili.