Sungusungu wa Kichwani

Saa nane usiku, Upanga. Umeme umerudi.
Jokofu la sampuli linaguna kama mtu aliyeamshwa.
Naweka kioo chini ya darubini, nazungusha kidogo,
na hapo wanatokea walinzi wa ubongo,
wembamba, wenye mikono mingi,
kila mmoja na mtaa wake, haingilii wa mwenzie.
Wanapapasa gizani, wanaokota taka,
wanabisha hodi kwa kila neva: umeamkaje?

Hivyo ndivyo walivyo kukiwa salama.

Kioo cha pili. Hapa kirusi kimepita.
Mikono imekunjwa, miili imevimba,
wamekuwa mapande ya watu wenye marungu.
Nimewahi kuwaona, ila si humu:
Manzese, mwaka ule wa mafuriko,
mwizi aliingia kwa Mama Chausiku,
na sungusungu walipomaliza kumtafuta
milango saba ilikuwa chini,
mtungi vipande vipande,
muuza mkaa ameshika jino lake mkononi,
na mwizi mwenyewe hakuonekana.

Kioo cha tatu tumekitilia dawa
iliyokamuliwa kwenye jani ambalo jina lake
kwenye fomu ya kibali tuliliandika Kilatini
ili mwenye mhuri asitetemeke mkono.
Tazama: rungu linashuka.
Mkono mmoja unanyooka, halafu wa pili.
Dokta Rwegoshora ananionya: usishangilie,
hizi ni seli zilizokuzwa kwenye sahani,
hazijawahi kuwa na mama wala kodi ya nyumba.

Sishangilii. Namfikiria Pazi.

Kaka yangu anameza vidonge saa tatu usiku,
huu mwaka wa kumi na nne.
Damu yake kipimo hakisomi kitu.
Lakini kichwani, dawa zinakofika kwa shida,
kuna vilivyojibanza,
na walinzi wake hawajaweka marungu chini.
Anasahau. Juzi alipeleka redio kwa fundi, Tandale,
akasimama njia panda ameikumbatia,
akawa anawauliza wapita njia:
samahani, nilikuwa naenda wapi?

Jioni, nyuma ya karakana, Kigogo,
anavuta msokoto mmoja.
"Ukisikia harufu usiniulize," anasema,
"kelele zinapungua."
Mimi mwenye shahada nilimgombeza.
Mama alimsomea kisomo.
Polisi walimweka ndani siku nne
bila vidonge vyake,
na katika sisi sote, nadhani wao ndio waliomuumiza zaidi.

Na mlinzi akitulizwa mno?
Hicho ni kioo cha nne, nisichopenda kukitazama.
Kirusi kingine, ndugu wa malengelenge ya mdomo,
kimepanda hadi juu.
Jani limewaambia walinzi wakae,
nao wamekaa, wamelegea,
na kirusi kinahama nyumba hadi nyumba
kikifunga milango nyuma yake kwa adabu.
Hakuna kelele.
Hakuna aliyebaki wa kupiga kelele.

Sijui kipimo. Miaka sita ya kazi,
na jibu langu ndilo hilo.
Mwili wenyewe hutengeneza jani lake, tone kwa tone,
bila kiberiti, bila askari,
hulidondosha kati ya seli na seli
kama mama anayetoka mlangoni na upawa mkononi:
basi, inatosha, mwacheni.
Nani alimfundisha wakati wa kutoka?
Na siku asipotoka,
nani anajua sauti yake ilikuwaje, tumwigizie?

Adhana ya kwanza. Nazima taa ya darubini.
Simu inatikisika mezani, ni Pazi:
"Mwamvita, leo siku gani?"
Naandika: Alhamisi.
Nafuta. Naandika: Alhamisi, kaka. Jana ulimeza?
Anachukua muda mrefu.
Navua glavu, nanawa, naosha vikombe vya chai
ambavyo si vyangu.

"Nadhani," anajibu.