Sikio la Kushoto

Kidderminster, mji wa mazulia.
Norris alijua mdundo kabla hajajua kusoma:
mashine za kufuma ziligonga upande wa pili wa ukuta wa shule,
na jioni mama alirudi na nyuzi za sufu nyweleni,
nyekundu,
kama mtu aliyelala mchana kutwa kwenye maua.

Gita lake la kwanza lilikuwa mlango wa kabati.
Baba aliukata kwa msumeno wa kuazima.
Shingo ilitoka ubavuni mwa kitanda alichofia bibi,
nyuzi zikaja kwa mkopo, moja moja;
miezi minne kaka yangu alipiga nyuzi tatu tu.
Hata baadaye, mbele ya maelfu,
zile tatu zilizochelewa
alizipigia hodi kwanza, kama mgeni.

Mimi nilikuwa nikimpigia pasi,
kwa hiyo nisisimuliwe umaarufu.
Naujua kola kwa kola:
jasho, bia, moshi,
rangi ya midomo ambayo Glenys hakuwahi kuipaka.

Walikuwa wanne na gari la mikate,
walilolinunua kwa mwoka mikate aliyefilisika.
Wakenda nalo Wolverhampton, wakenda nalo Hamburg,
na popote walipofungua milango
watu walisikia njaa kabla ya kusikia muziki.

Wimbo wenyewe aliuandika kwa dakika ishirini,
kituo cha mafuta, karibu na Stoke, mvua ikichapa bati,
nyuma ya bahasha ya mshahara wa mama.
Beti nne.
Ya nne ndiyo ilikuwa na zile nywele, na sufu.
Redio wakaikata; dakika tatu, walisema, zinatosha mtu yeyote.

Royston Belcher, meneja, alileta mkataba na shampeni.
Norris aliisoma chupa.
Mkataba hakuusoma.
Wimbo ulipovuka bahari Royston alinunua nyumba yenye bwawa na bata;
Norris alinunua koti.
Koti zuri, sikatai. Ninalo bado.

Miaka thelathini alisimama kulia kwa jukwaa,
spika, refu kuliko baba, kushotoni mwake.
Wa kwanza kuhama walikuwa ndege.
Ikafuata filimbi ya birika,
maji yakakauka jikoni, sufuria tatu zikaungua.
Kisha akahama mjukuu,
mdomo unacheza, sauti haipo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Haya.
Lakini sikio si koleo;
humtumi mtoto akakuazimie la jirani.

Desemba iliyopita tulikuwa dukani,
penye njegere za barafu,
mara juu yetu, kwenye dari, ule wimbo.
Msichana wa kaunta aliuimba huku akipima vitunguu,
akakosea neno moja, lilelile wanalolikosea wote.
Nilimvuta Norris mkono wa koti. Nikaonyesha juu.
Akatazama dari kwa makini, kama fundi.
"Panavuja?" akaniuliza.

Sikujibu. Nilisukuma kitoroli hadi nje,
nikamwambia tulipofika nyumbani, kwa kalamu, kwenye risiti.
Alikaa nayo.
Halafu akaliteremsha lile gita la kabati,
akaling'ata pembeni, mahali palipokwisha alama za meno,
maana mfupa husikia yanayoikataa hewa,
akapiga. Taratibu. Macho kafumba.
Vijiko vilitetemeka vikombeni,
na mimi, mwenye masikio mawili mazima,
sijui nilisikia nusu ya alichosikia yeye.

Alipoachia meno aliniuliza, kwa sauti kubwa,
sauti ya mtu asiyejua ukubwa wake:
"Na ubeti wa mama?
Waliupiga?"

Nikachukua risiti, nikaandika: *Wote. Mpaka mwisho.*
Chini ya bei ya njegere.