Mji Uliobaki

Wametupaka poda sote wanne, hata Gethin mwenye ndevu,
taa zisije zikatuumbua kwa jasho.
Mabingwa wa miaka minne tofauti, tumerudishwa
kama vyombo vya kabatini siku ya wageni.
Maureen Ollerenshaw, mkutubi mstaafu wa Oldham,
anafuma soksi hadi sekunde ya mwisho.
Gethin Prosser husambaza barua Wrexham, na anamjua
kila mfalme aliyekufa kwa kuvimbiwa.
Daktari Wickremasinghe hasemi na mtu.
Mimi nasukuma vitanda, zamu ya usiku, hospitali ya Bolton.
Nimevaa tai ileile ya mwaka wa ushindi.
Ina doa. Kamera, wameniambia, haitaliona.

Zuhura angeliona.

Ndiye aliyeninoa, jikoni, kadi mkononi,
sufuria ikitokota nyuma yake:
"Kitendawili!"
hata kama swali ni mji mkuu wa Paragwai.
"Tega."
Nikikwama hanihurumii. "Nipe mji."
Nampa Leeds.
Anafumba macho kidogo, anasafiri.
"Leeds nimefika. Wamenipa chai iliyotiwa maziwa baridi,
wanakusalimu, wanauliza hicho kichwa unakifugia nini."
Ndipo anitajie jibu.

Halifax ilikwenda kwa sababu ya mito ya Siberia.
Preston, Burnley na Wigan zilikwenda
wiki moja tu, wiki ya watunzi wa opera.
Sheffield aliipata kwa mfupa mdogo kuliko yote mwilini,
ule wa ndani ya sikio,
nami nafanya kazi hospitali! Alicheka hadi wali ukaungua.
Hull hakuitaka. Nikamwongezea Beverley, akakubali.
Salford tu nilimnyima.
"Hiyo siitoi, ndiko iliko studio."
"Bahili wewe," akasema. "Iko siku."

Kufikia Machi ile, alipolazwa katika wodi
ninayoijua kwa mlio wa magurudumu yake,
alikuwa anamiliki kaskazini nzima ya nchi hii
bila hati wala kodi.

Sasa duru ya mwisho. Maureen na mimi tuko sare,
ishirini na mbili kwa ishirini na mbili.
Sindano za kufumia ziko mezani, zimelala msalaba.
Mtangazaji anainua kadi.
"Ni sayari ipi ambayo siku yake moja
ni ndefu kuliko mwaka wake?"

Kidole kikafika kabla ya akili.
Taa yangu ikawaka.
Jina likapanda kooni, lakini lilipanda kwa Kiswahili,
na kwa Kiswahili haikuwa sayari.
Ilikuwa kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha,
Alhamisi iliyogoma kuwa Ijumaa,
mashine ikihesabu, nami nikihesabu pamoja nayo.
Siku moja, ndefu kuliko mwaka.
Kama kuna mtu ukumbini aliyejua jibu, ni mimi.

Sekunde tano ni nyingi mno kwenye televisheni.
Nilizikaa zote.

Maureen akaitaja kwa lugha yake, taratibu,
kama mtu anayeomba radhi kwa kukanyaga mguu wa jirani.
Makofi. Vikaratasi vya kumetameta vikaiangukia soksi.
Daktari Wickremasinghe akanishika bega, asiseme neno.
Mtangazaji akanigeukia na tabasamu lake la kazi:
nilijua, sivyo? Niliteleza tu?

Nikainamia kipaza sauti kilichobanwa kwenye tai,
pale pale karibu na doa,
nikasema maneno ambayo fundi wa sauti
alidhani ni kikohozi:
haya, bibie, mji nimekupa.
Chukua Salford.

Nje, mvua. Tramu ya saa nne usiku ilikuwa tupu.
Nikakaa dirishani, poda bado usoni,
nikimsubiri aniambie amefika salama,
wamempa nini,
na nani huko ananisalimu.