Chupa Ikinyamaza

Saa nane usiku, wodi ya watoto njiti, Bukavu.
Kilima chote cha Kadutu kimelala gizani.
Sisi tuna taa moja, mashine moja ya oksijeni,
na chupa ya maji iliyowahi kuwa ya dawa,
niliyoichora mstari kwa kalamu ya Biki:
sentimita tano. Usizidishe. Usipunguze.

Mtoto wa Nsimire hana jina bado.
Ana gramu elfu moja mia tatu na themanini,
na alikuja na mguno.
Watu wakiusikia hudhani ni kilio.
Si kilio. Nimeusikia kwa wapagazi
wanaopandisha magunia ya unga kutoka bandarini,
kila hatua mm, mm,
pumzi wameifungia kifuani isije ikawaangusha.
Naye vivyo hivyo: anafunga koo nusu,
anaibana hewa kidogo ibaki ndani,
kwa kuwa ikitoka yote mapafu yatafumba,
na kuyafumbua upya ni kazi ya mtu mzima.
Hakuna aliyemfundisha.
Mbavu zinabonyea, tundu za pua zinatanuka,
anabeba gunia lake.

Tukampokea mzigo.
Virija viwili puani, laini, visivyobana,
kofia ya sufi ya kuvishikia,
na mrija mwingine mdomoni wa kutolea hewa ya tumbo.
Hatukumpitishia kitu kooni.
Anapumua mwenyewe; sisi tunaushikilia mlango tu
usijifunge nyuma yake.
Ncha ya mrija ikazama chupani,
chupa ikaanza kusema:
bu, bu-bu, bu.

Bibi yake, M'Cibalama, aliyefika kutoka Walungu
na matope ya pikipiki hadi magotini,
aliitazama muda mrefu.
"Muganga, ile mayi inatokota. Moto iko wapi?"
Nikamuuliza: Mama, unauza nini sokoni?
"Sambaza."
Na sashe mpya, ukitaka kuifungua, inakuwaje?
Akacheka, akalamba kidole, akasugua hewa.
"Inajishikilia. Pande mbili zinapendana."
Basi mapafu yake ni sashe mpya.
Maji haya hayaachi pande zishikane.
"Zisipendane, basi," akasema, akaketi chini.

Saa tisa na dakika chache chupa ikanyamaza.

Mvua ilikuwa bado juu ya mabati,
jenereta bado inakohoa uani
(SNEL walituaga tangu jioni,
maji ya Ruzizi yanakwenda zake bila sisi),
lakini mimi nilisikia mapovu hayapo
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
Mashine: inazunguka. Maji: yapo mstarini.
Mrija: haujapinda. Nikashusha macho.
Virija viko shavuni,
na mkono, vidole kama njiti za kiberiti,
umevikamata.
Ni yeye aliyechomoa.
Nilitaka kukasirika.
Nikaukunjua ule mkono, kidole kimoja kimoja,
ukanikatalia. Jana haukukataa.
Nikarudisha. Bu. Bu-bu.
Nsimire, nyuma ya pazia, hakuamka.

Sisemi chupa ni muujiza.
Wiki iliyopita, kitanda namba nne,
mapovu yalibaki na mtoto akaondoka.
Fundi Kulimushi ndiye aliyezima mashine,
mimi mkono wangu uligoma.

Siku ya sita tulimvua virija huyu.
Akabaki na pumzi zake, ndogo, zisizolingana, kimya.
Kimya hicho nacho nilikiogopa
hadi asubuhi.
Nikaiosha chupa. Mstari ulikuwa umefutika,
nikauchora tena,
kwani mlangoni kulikuwa na mguno mwingine
umefungwa ndani ya kitenge cha njano.

Nyumbani Bagira naweka maharagwe kwenye makaa,
naegemea ukuta bila kuvua viatu.
Yakitokota, nasinzia.
Yakinyamaza, nimeshasimama.