Fomu ya Ajali, Mafinga

Fomu inauliza: saa ngapi?
Saa moja na robo, ukungu ungali umelalia magogo,
mbao za mbili kwa sita zikifuka mvuke
kama ugali uliopakuliwa sasa hivi.

Inauliza: kifaa gani?
Foklifti. Ile ya njano, tuliyoibatiza Bibi Harusi
kwa kuwa haiondoki bila kubembelezwa.

Inauliza: chanzo.
Hapo kalamu ikasita.
King'ora cha kurudi nyuma kilikufa tangu masika.
Nilikiandika kitabuni mara tatu, kwa mwandiko huuhuu;
mara tatu msimamizi kasaini, kasema, "Tutaona."
Tumeona.

Lutengano alikuwa amechutama, anafunga kamba ya kiatu.
Chengula, kwenye usukani, hakusikia kitu;
alihisi gurudumu likipanda kidogo tu.
"Kama kipande cha ubao."
Mkewe anasema hulirudia usiku neno hilo,
macho wazi.

Inauliza: sehemu ya mwili iliyoumia.
Mstari wenyewe mfupi, haufiki urefu wa kidole.
Nimeandika: mguu wa kulia, chini ya goti.
Sikuandika kuwa ndio uliopiga penalti Jumapili,
pale Changarawe, sisi tukamrukia mgongoni.

Inauliza: shahidi.
Nimeweka jina langu.

Foklifti ilirudi kazini kabla ya chai ya saa nne.
King'ora kimetengenezwa. Ulikuwa waya mmoja tu.
Sasa kila kikilia, uwanja mzima tunainama,
kila mtu na miguu yake,
tunahesabu.