Mkono wa Singano

Dakika ya themanini na nane mume wangu akanyoosha kibendera,
na banda zima la Chuda likanigeukia mimi,
kana kwamba mkono ule niliushona jana usiku
pamoja na mfuko wa jezi yake.

Goli lilikuwa limeshaingia. Nyavu bado zinacheza.
Mwenye banda alishaanza kugawa soda alizoahidi;
akazirudisha kwenye kreti, moja moja,
akihesabu kwa sauti ili nisikie.

"Ameotea wapi?" Mngazija fundi pikipiki kasimama juu ya benchi.
"Shemeji, mumeo ana mtoto wa jicho?"

Basi tukasubiri marudio.
Kioo kikatuletea godoro.
Mwanamke kalala juu yake anatabasamu, hana mume uwanjani.
Kisha mkopo wa simu, bonyeza moja, bonyeza mbili.
Kisha kipa wa timu ileile, nywele kazichana,
anadaka pakiti ya majani ya chai
kwa mikono ileile iliyovuja sasa hivi.
Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hawakuwahi kulipia king'amuzi.

Ndipo sauti: "Marudio haya mmeletewa na Rangi za Upeo."
Na mstari ukachorwa, mwekundu,
kutoka kwapa la beki hadi kidole cha mshambuliaji.
Wakasimamisha. Wakarudisha. Wakasimamisha tena.
Mguu mmoja wenye kiatu cha njano ukaning'inia hewani,
watu wazima wanaupima kama kitenge cha kugawana:
hapa pako, hapa pangu.
Nusu ya banda wakasema kaotea ukucha.
Nusu wakasema rangi imemwagika.

Mimi sikutazama mguu.
Nilitazama pembeni ya kioo, pale walipomkata nusu,
bega la kulia, lile ninalolikanda kwa mafuta ya karafuu
tangu lilipoteguka Korogwe, kwenye mechi isiyo na kamera.
Mara tisa likapanda.
Mara tisa nikajua linauma.

Na jambo moja likanikaa kooni kama mwiba wa changu:
Chuda tunaona. Makorora wanaona, Pongwe wanaona,
Dar wanaona huku wakichovya chipsi.
Nchi nzima imewekewa ukweli mbele yake, polepole, kwa udhamini,
isipokuwa yule mmoja aliyetakiwa kuujua.
Mkwakwani hana kioo cha kumrudishia kitu.
Ana chokaa aliyoichora Kihiyo asubuhi kwa kopo na kamba,
mstari unaopinda karibu na kona,
kamba ilikwama kwenye kichuguu, Kihiyo hakurudi nyuma.
Ana jua la magharibi usoni.
Ana sekunde, nayo haikai.

Alirudi saa tatu usiku, kwa uchochoro wa nyuma,
shati la kiraia juu ya jezi nyeusi.
Chupa ya maji ilimpata kisogoni.
"Ilikuwa na maji?" nikamuuliza.
"Natumai yalikuwa maji."

Hakuuliza chakula. Akakaa kwenye mkeka,
akaniuliza, yeye, mimi,
"Ilikuwaje?"

Usiku ule ningeweza kumwambia lolote.
Kati ya sahani ya wali na bakuli la mchuzi
nilikuwa mimi ndiye chumba chenye vioo vyote,
na nje jirani kazima redio yake makusudi.

Nikamwambia, "Kwanza walituuzia godoro."

Akacheka. Akacheka mpaka akalishika bega.
Kisha kicheko kikaisha,
na mkono wake haukushuka.